Salma alivyoniamkia

Zuhura mdogo wangu,

Huku Edmonton ni manyunyu na baridi inang'ata masikio, lakini mwenzio nipo jikoni kwa mwanangu Rehema, nasukuma chapati. Ulinituma nimchunguze mjukuu wetu Salma: miaka mitano, hasemi, haamkii mtu. Tukasema huko Tanga kuwa mama yake kamdekeza.

Siku ya kwanza nilikaa kitako nikisubiri shikamoo. Akanipita kama anapita kiti. Nikanuna! Rehema akaniambia, "Mama, ana usonji. Hajakataa kuongea. Mwachie mkono wako, utamsikia."

Nikamwachia. Akitaka maji, anaushika mkono wangu anaupeleka bombani. Akitaka chapati, anauweka kwenye sahani. Usoni haniangalii.

Leo kauvuta ukiwa na unga, nikadhani njaa. Kumbe anaupeleka kichwani kwake. Akaukandamiza hapo, akafumba macho, akatulia tuli.

Nikaitikia, "Marahaba, mama."

Yale maneno yetu ya kudekezwa tuyameze, Zuhura, mimi na wewe. Nibusie watoto wote hapo nyumbani. Nywele za Salma bado zina unga, na sina haraka ya kuupangusa.

Dadako akupendaye,
Mwanaidi