Benchi la Wasio na Namba

Mama Nekesa, mke wangu,

Leo ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi mlangoni, nami nimekuona ndani yake, umebeba kuni kichwani, unacheka. Ulicheka hivyo wiki ile tulipofika hapa Kasese, Nekesa akiwa mgongoni mwako, mbali na kwetu Busia. Ulitia miguu katika mto Nyamwamba ukapiga kelele, "Baba Nekesa, maji haya yanauma kama mbwa!"

Mgodini nilipewa kipande cha chuma chenye namba. Ulikisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Kwa kipande hicho hospitali ya kazini ilinitibu mimi, na wewe pia, mradi wakione. Lakini kila anayeshuka shimoni alitakiwa akivae shingoni, ili mwamba ukimwangukia ajulikane ni nani. Kwa hiyo wake zetu wakiugua mchana walikaa kwenye benchi, wakingoja waume wapande.

Siku ile ulikuwa na mimba ya miezi saba, homa ikakushika. Jirani yetu, Mama Biira, ndiye aliyekupeleka, akanisimulia. Karani alikuuliza, "Wewe ni wa namba gani?"

"Namba iko chini ya ardhi inachimba shaba. Mimi niko hapa, naumwa."

Benchi zima likacheka. Karani naye akacheka, lakini hakukuandika.

Habari zilinifikia kabla ya adhuhuri. Sikufichi: nilimaliza zamu. Nilimwogopa nyapara, nikajiambia homa ni homa tu. Nilipofika na kipande mkononi walikupokea mbiombio. Ulinishika kidole. Jua halijazama, ulikuwa umeondoka duniani pamoja na mtoto wa tumboni.

Miaka imepita. Nimechoka, kifua kinakoroma hata nikiwa macho. Juzi kwenye mkutano wa wafanyakazi nilisimama nikasema wanawake waandikwe kwa majina yao, na asiye na mume mgodini atibiwe vilevile, maana naye anaumwa kama sisi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, na kofia za mgodi tuwape?"

"Wape. Lakini kwanza watibiwe."

Walicheka, tukatawanyika.

Sasa Nekesa wetu yuko Bwera, kule mpakani, ana mimba, miguu imevimba. Mumewe anauza kahawa ng'ambo ya mpaka, hurudi apendapo. Kule zahanati wamemwambia aje na mume kwanza. Tangu nisikie hivyo, nikiwa shimoni nakusikia ukiimba kwa lugha yetu, polepole, mahali fulani nyuma ya mwamba. Nyundo inanitoka mkononi.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Nyapara amesema nikiondoka nisirudi. Nguo nimeshazifunga, na lori la Bwera linanguruma barabarani. Nitakaa na mwanao pale mlangoni mpaka wamwingize. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia nimemsindikiza tu. Wamwulize yeye anaumwa wapi.

Pumzika, mama. Dereva ananiita.

Mumeo,
Baba Nekesa