Simu ya Hibo Haijakosa Somo

Alhamisi, baada ya alasiri. Garissa leo ni jiko. Feni ya ofisini inazungusha joto tu, na moyo wangu haujatulia tangu asubuhi.

Jumatatu natakiwa kukabidhi tathmini ya masomo mseto, yaani kozi yangu ambayo nusu tunasoma darasani, nusu mtandaoni. Nilikuwa nimeshaiandika. Nilikuwa hata najisifu kidogo. Mfano wangu mkubwa ulikuwa Hibo, mwanafunzi wangu pekee kutoka Hulugho, kule mpakani ambako mtandao ni wa kubahatisha. Hajakosa somo hata moja, na kwenye dodoso alitupa alama za juu kila swali.

Leo Hibo amefika kwa wiki ya darasani. Nikamwuliza amewezaje. Niliuliza kwa bashasha, nikitafuta sentensi tamu ya kuongeza kwenye ripoti.

Akatazama chini. Kumbe kila wiki humpa simu yake dereva wa pikapu ya mbuzi anayekwenda Masalani. Mtandao ukishika, dereva anaingia kwa jina la Hibo, anapakua somo, anatuma majibu ambayo Hibo ameyaandika daftarini na kuyapiga picha, kisha kesho yake anairudisha simu. Na lile dodoso? Dereva alilijaza mwenyewe, mbuzi wakishushwa.

"Wallahi madam, kusoma nasoma," akaniambia. "Simu ndio inaenda. Mimi nabaki na hooyo. Mama ni mgonjwa, hana mtu ingine. Wiki hii tu jirani anamwangalia."

Nilicheka. Halafu nikaogopa.

Kanuni zetu hazina huruma: ukimpa mtu mwingine aingie kwa jina lako, mtihani hufanyi. Nikiandika ukweli, nimemfungia Hibo mlango, maana hata nikificha jina, Hulugho ni yeye tu. Nikinyamaza, kamati inayopokea tathmini itafuta wiki ya darasani, kwa sababu madam mwenyewe amesema mtandao unatosha. Na wiki hiyo ndiyo pekee ambayo Hibo anauliza swali na kujibiwa.

Naona aibu. Muhula mzima nimehesabu simu nikidhani nahesabu watu.

Nimefuta ile aya ya sifa. Nimeandika upya kwamba kipimo changu kilikuwa kibovu, kosa ni langu, na kwamba wanafunzi wasio na mtandao wapewe masomo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu kabla hawajarudi nyumbani. Habari ya dereva nimeiandika pia.

Kesho asubuhi nitampa Hibo aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Itakuwa mara ya kwanza kozi hii kumwuliza yeye mwenyewe anaionaje.

Na akiniomba nifute?