Filamu ya vita kwa ulimi wangu

Jumamosi, Ukunda

Pwani nzima hakuna mtafsiri wa filamu wa kunishinda mimi! Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, lakini leo ukumbi wa video ulijaa hadi mlangoni.

Filamu yenyewe ya vita, wanajeshi wanawasaka majirani zao kwa sababu ya kabila. Nikaona watu wamenuna. Nikashika maiki, nikamfanya mwanajeshi mmoja apige kelele: "Nyie Wamakonde, rudini kwenu Msumbiji!"

Watu wakavunjika mbavu. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Sahibu yangu Saidi, Mmakonde wa Msambweni, hakucheka. Nikamwuliza, "Vipi, sahibu, sikuwaweza?"

"Uliwaweza. Ndivyo alivyojibiwa babangu kila alipoomba kitambulisho cha Kenya."

Akaondoka. Kesho nitamfuata, ila sijui nitaanzia wapi. Nimemtukana sahibu yangu mbele ya watu, na nilifurahi walipocheka.