Besi ya Pacifique juu ya madhabahu

Mariette, uko fasi gani? Niko kanisani Rubondo, nakuandikia na simu yenye nimeficha chini ya kitenge.

Unajua besi ya kaka yangu Pacifique, lile gitaa la sauti nzito, ile yenye fundi mumoja wa kule Ruti alimuchongea kwa mukono, ya nyuzi tano. Kesho alikuwa anaenda nayo Mbarara kuanza kazi ku orkestra ya hoteli. Alitaka pasta aiombee tu.

Akaiweka juu ya madhabahu.

Juu ya madhabahu, Mariette. Unajua kwetu kitu chenye kimewekwa pale ni sadaka, hata kuku hairudi nyumbani. Si angeishika tu mu mikono.

Pasta: "Ndugu yetu amemutolea Bwana gitaa lake." Bamama vigelegele. Mama yetu analia kwa furaha. Pacifique: "Pasta, mimi nilikuwa nataka..." Kwaya ikamufunika.

Pasta akapakaa besi mafuta, akamuwekea Pacifique mukono ku kichwa. "Na hii mikono yenye kuipiga, Bwana, ni yako, isitumikie mwingine."

Bote amina. Na yeye akasema amina. Nilimusikia.

Sasa bamemuambia apige. Anapiga, macho ku mulango. Na vile anapiga muzuri, habatamuachilia tena.