Mama Kwenye Video ya Kanisa

Al-Safa, Jeddah

Mdogo wangu Julius,

Mimi ni mzima, na joto limepungua. Nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuniuliza. Namtunza Hajja, mama yake madam aliyeniajiri. Kila Ijumaa wanawe huja, humbusu kichwani, hula na kuondoka. Anayemwosha na kumgeuza kitandani ni mimi. Nilikuwa nikiwacheka moyoni, nikisema kwetu mzee hutunzwa na damu yake.

Juzi Maryann wa kanisani kwetu alinitumia video ya akina mama wa kanisa wakiwaimbia wazee katika makao ya wazee. Safu ya pili ya wazee nikamwona Mama, amevaa sweta isiyo yake, anapiga makofi. Miezi minne nimekuwa nikipiga simu, nawe unanijibu, "Amelala, Dada, tusimwamshe."

Ungeniambia umechoka, ningekuelewa. Uzito wa mzee naujua. Lakini ulinidanganya, na mimi nilipanga kuzeekea kwako. Sasa sithubutu.

Leo nikimchana nywele, Hajja ameniuliza, "Mama yako yuko na nani?"

Nimemjibu, "Yuko na mtu wa kuajiriwa, kama mimi."

Dada yako,
Magdaline