Kaka wa Mwigizaji wa Kijapani

Saint Paul, Marekani, Februari 2016

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Morogoro, na kile kifua kimepona? Sisi ni wazima. Mama bado anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na theluji inatufika magotini.

Nina jambo la kukueleza. Mwalimu wa historia alituagiza tusimulie darasani maisha ya mtu mmoja maarufu. Unajua ninavyoogopa kusimama mbele ya watu. Nikamchagua yule mwigizaji wa Kijapani wa filamu za mapanga, kwa kuwa habari zake nilizijua tangu utotoni kwenye kibanda chako cha video. Nikasema kama ulivyokuwa ukisema kwenye maikrofoni ukiwatafsiria watazamaji filamu: alikuwa mtoto wa mhunzi, akaingia kwenye filamu ili kaka yake aliyepotea amwone, amtambue, arudi nyumbani.

Mwalimu akauliza, "Umeyasoma wapi haya?"

"Aliniambia baba."

Mvulana mmoja akadakia, "Kwani baba yako alikaa naye Japani?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akanipa wiki moja nirudie, la sivyo sipati alama.

Nikapanda treni hadi maktaba. Baba, alikuwa mtoto wa mwenye duka la dawa, tena mtoto wa pekee! Nilipomwambia Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiye huyo! Siku ya harusi yetu alimtafsiria mchungaji, na mchungaji alikuwa anaongea Kiswahili."

Lakini kitabu kilisema pia kwamba mwigizaji huyo alipoanza kazi, filamu hazikuwa na sauti. Mtu alikaa kando ya skrini akiwaeleza watazamaji kila kinachotokea, na wengine walilipa kiingilio kwa ajili ya kumsikia yeye tu. Filamu zilipoanza kuongea, watu hao walikosa kazi. Mwigizaji wetu akajifunza kutumia sauti yake, akaigiza mpaka uzeeni. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili.

Alhamisi nikasimama tena. Nilisema ya kitabuni yote, kisha nikasema baba yangu anaifanya kazi ile ya kando ya skrini mpaka leo. Sauti yangu haikutetemeka. Hakuna aliyecheka, na alama nimepata.

Nilipokuwa nakusanya karatasi zangu, yule mvulana akaja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule kaka, alimpata?"

Nikamwambia nitakuuliza wewe, maana kila mara nilikuwa nasinzia kabla hujafika mwisho wa hadithi.

Nisalimie Bibi, pamoja na Shangazi Rehema anayekatia watu tiketi mlangoni.

Niandikie, Baba. Alimpata?

Mwanao,
Neema