Ndiyo Niliyompa Dada Euphrasie

Ijumaa, 25 Mei 2012
Dada yangu Euphrasie amepiga simu kutoka Dublin. Uraia wa huko alipata mwaka jana, na Alhamisi atapiga kura kwa mara ya kwanza maishani — kura ya maoni juu ya mkataba wa bajeti za Ulaya. Ndiyo au hapana. "Kaka, weye uko Brussels, katikati ya wakubwa. Tuchague nini?"
Nikakohoa kama waziri. Ndiyo, nikasema. Bon. Na mimi kazi yangu kupeleka kahawa kwenye vyumba vya mikutano!

Jumapili, 27 Mei
Pentekoste. Kosa ni la ile picha: suti, beji shingoni, bendera nyuma yangu. Nilimtumia mama Bukavu, afurahi; naye kamrushia Euphrasie. Sikudanganya. Toroli la vikombe halikuingia kwenye picha, basi.
Sasa Euphrasie amenitangaza kanisani kwao: kaka yangu yuko palepale, amesema ndiyo. Wamama kumi na wanne watamfuata. Leo kanisani kwetu sikuweza hata kuimba.

Jumanne, 29 Mei
Nimeokota nakala ya mkataba mezani, nimeisoma kwenye treni ya metro hadi nyumbani Anderlecht. Serikali isitumie kuzidi kipimo — hapo nimeelewa. Lakini Euphrasie anatunza wazee kwenye nyumba ya serikali, na tayari wamempunguzia saa za kazi! Je, nimemwambia ajipunguzie kazi mwenyewe? Labda sivyo. Sijui. Aibu yenyewe ndiyo hiyo, sijui.
Binti yangu Keren kaniona na makaratasi: "Papa, alors, umekuwa ministre?" Waziri, mimi! Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 30 Mei
Nimempigia Euphrasie simu nitubu. Hakunipa nafasi. Wamama wote wameshona kitenge kimoja cha kuendea kura. Nimesifia kitenge. Mwoga mimi!

Alhamisi, 31 Mei
Saa sita mchana. Euphrasie kapiga: yeye na wamama wako mlangoni pa shule ya kupigia kura. Kaweka spika: wamama wanataka wasikie kwa kinywa changu kwa nini ndiyo. Nikaanza — Euphrasie, ile picha… Vigelegele! Wote wameiona. Sikilizeni, nikasema, kazi yangu mimi…
Hapo msimamizi wangu Rolande akaniita kutoka jikoni, kwa Kifaransa na kwa sauti yake ile: Éliézer, kahawa ya chumba cha tatu, haraka!
Euphrasie, polepole: "Kahawa ya nani, kaka?"
Nikakata. Nimekaa kwenye ngazi, termosi ya kahawa mapajani, naandika. Wamama kumi na wanne wamesimama nje na kitenge chao kipya, na Euphrasie kaniandikia: hawaingii mpaka nijibu.
Simu inaita tena —